Saa Ibaki Dodoma au Isafiri? Maswali Ninayoulizwa Mezani

Meza yangu ya saa iko Majengo, jirani na soko. Niliirithi kwa mjomba, pamoja na lenzi yake ya jichoni na vibano viwili ambavyo bado navitumia. Enzi zake kazi ilikuwa betri, mikanda na saa za ukutani za misikitini na makanisani. Tangu wizara zilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, saa zinazoletwa zimebadilika. Mtu anavua mkononi saa ya otomatiki aliyoinunua safarini, au aliyoachiwa na marehemu baba yake, anaishika kama yai, kisha anauliza kama aniachie au aitume Dar es Salaam, Nairobi, au huko ilikotengenezwa. Maswali ni yale yale kila wiki. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu yangu, hata yale ambayo namwambia mteja asiniachie saa yake.

Fundi, nitajuaje saa yangu ina mashine gani ndani?

Tazama mshale wa sekunde. Ukiruka mara moja kila sekunde, hiyo ni ya betri. Ndani mna kipande cha kwatsi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Ukiteleza kwa hatua ndogondogo, karibu kila mara ni ya spiringi. Seiko 5 nyingi hupiga mara 6 kwa sekunde, na za Uswisi za siku hizi nyingi hupiga mara 8. Itikise taratibu sikioni: ukisikia kitu kinazunguka, ni kile kibati cha otomatiki kinachojaza spiringi unapotembea. Usiposikia kitu, na saa hulala usipoitia ufunguo, basi ni ya ufunguo. Lijue hilo kwanza, kwa sababu nusu ya maswali mengine hujijibu hapo.

Yangu ni ya betri na imesimama. Niitume?

Hapana. Mpe fundi yeyote makini hapa mjini. Unachotakiwa kuangalia ni betri anayoitia. Saa nyingi ndogo za mishale hutumia SR626SW, na hizo herufi SR zina maana: ni betri ya oksidi ya fedha, ya volti 1.55, ambayo hushikilia nguvu yake karibu mpaka siku inapokufa. LR626 inaingia pale pale, bei yake ni ndogo, lakini ni ya alkali; hushuka nguvu mapema na huvuja upesi zaidi. Mara ngapi nimefungua saa nzuri nikakuta unga mweupe na wa kijani umekula nyaya za koili, kwa ajili ya betri iliyotolewa kwenye kadi ya kumi kwa bei ya soda! Mwambie fundi akuonyeshe herufi kabla hajaitia. Casio F-91W, ile ya plastiki ambayo kila mwanafunzi anaijua, hutumia CR2016.

Kwani sevisi ni nini? Mbona wengine wanamaliza kwa dakika kumi?

Kinachofanyika kwa dakika kumi kina jina lake, ni kupuliza na kudondoshea mafuta. Saa inafunguliwa, inapulizwa, inatiwa tone la mafuta, inafungwa. Itatembea, na utafurahi, kwa miezi kadhaa.

Sevisi ya kweli ni kuivunja mashine yote. Natoa mishale na uso, nageuza mashine, nalegeza spiringi kuu ili isije ikafyatuka, kisha natoa balansi, lile gurudumu linalocheza mbele na nyuma kuhesabu muda. Hapo huwa nashusha pumzi kwanza. Spiringi ya balansi ni nyembamba kuliko unywele, na kibano kikiteleza mara moja ikapinda, umenunua kazi ya siku nzima. Magurudumu yote yanatoka, kila kipande kinaoshwa, vile vitundu vya rubi, vijiwe ambamo ncha za magurudumu huzungukia, vinasafishwa kimoja kimoja kwa kijiti cha mbao kilichochongwa, kwa sababu mafuta ya zamani huganda humo yakawa kama gundi ya rangi ya asali. Kisha unajenga upya na kutia mafuta, na mafuta si ya aina moja: magurudumu ya kasi yanataka mepesi kama Moebius 9010, yale ya polepole yenye mzigo yanataka mazito, na pipa la spiringi linataka grisi yake. Mafuta ya cherehani hayafai. Husambaa, huhama kwenye rubi, na ndani ya mwaka mashine inakauka.

Mwisho saa inawekwa kwenye mashine ya kupimia mapigo. Kioo chake kinaonyesha sekunde inazopata au kupoteza kwa siku, na digrii ambazo balansi inazunguka. Saa nzima iliyojazwa na kulazwa chali kwa kawaida huonyesha kati ya digrii 270 na 310. Seiko za bei ya kawaida huwa chini kidogo na bado ni nzima. Ikisoma chini ya 220, kuna tatizo, hata kama mshale unatembea vizuri. Saa ya mapigo 8 kwa sekunde inapiga mara 691,200 kwa siku. Hebu fikiria injini ya pikipiki yako ifanye kazi hiyo miaka kumi bila kubadilishiwa oili.

Nifanye sevisi kila baada ya muda gani?

Miaka 3 hadi 5 ndiyo kauli ya siku nyingi; baadhi ya makampuni siku hizi yanasema zaidi. Kwa hapa kwetu mimi husema 5, na mpira wa kuzuia maji utazamwe kila mwaka.

Kwa nini mpira? Dodoma si pakavu?

Ni kwa sababu pakavu. Kuanzia Mei mpaka Novemba upepo haupumziki, na vumbi letu jekundu ni laini kama unga wa dona. Linachanganyika na jasho kwenye mfuniko wa nyuma, likawa uji mweusi. Nikifungua saa ya mtu wa bodaboda au mkaguzi wa barabara anayeshinda Bahi na Manyoni, kwanza nakwangua huo uji pembeni mwa mfuniko, kwa sababu ukidondoka ndani ni sawa na kutia mchanga kwenye gia. Jua nalo hukausha mpira ukapasuka. Ndiyo maana maandishi ya “mita 50” kwenye uso wa saa yasikudanganye. Yalikuwa kweli siku ilipotoka kiwandani.

Nitamjuaje fundi wa kumwachia saa ya otomatiki hapa Dodoma?

Usianze na bei. Simama pembeni utazame meza. Je, vipande vya saa iliyo wazi vimefunikwa kwa kikombe cha kioo, au vinapigwa na upepo wa barabarani? Bisibisi zake zimenolewa, au zina meno kama msumeno? Mgeuzie saa iliyofunguliwa akuonyeshe vichwa vya skrubu. Skrubu iliyochubuka inakueleza nani alipita hapo kabla, au nani yuko hapo sasa.

Kisha muulize anaoshea nini. Wengine wanatumia petroli, na wengine spiriti. Spiriti ina hatari isiyojulikana na wengi: vile vijiwe viwili vya kwenye uma wa balansi vimegandishwa kwa lakiri, na lakiri huyeyuka kwenye spiriti. Fundi anayeloweka kila kitu humo atakufanya uniletee saa yako baada ya mwezi, jiwe likiwa limehama. Nimeshapokea za namna hiyo, na mwenye saa alikuwa akimsifu yule fundi kwamba anasafisha mpaka inang'aa.

Muulize pia kama ana mashine ya kupimia mapigo. Akiwa nayo, mwombe aipime saa kabla na baada, upige picha kioo. Fundi asiyekuwa nayo anaweza kuwa mzuri. Mjomba wangu hakuwa nayo na alirekebisha saa kwa sikio na subira. Lakini yeye alikaa na saa wiki nzima kabla ya kuirudisha. Anayekurudishia kesho bila kipimo chochote anakupa matumaini tu.

Jambo la mwisho, na ndilo ninaloliheshimu kuliko yote: mwulize ni saa gani hawezi. Akisema hakuna, chukua saa yako.

Saa imeingia maji usiku huu. Niipeleke wapi?

Kwa fundi wa karibu kabisa, asubuhi na mapema, hata kama ni fundi ambaye hungempa sevisi. Hapa hakuna kutuma. Kutu huanza ndani ya saa chache, na vipande vyembamba vya chuma vya ndani havisubiri basi. Kazi yake ni kuifungua, kutoa mashine, kuikausha na kutoa unyevu. Ukishapata hiyo nafuu, ndipo ukae ufikirie kama iende mbali. Kuizika kwenye mchele hakusaidii. Mvuke umefungiwa ndani ya bodi, na mchele uko nje.

Ghafla inakimbia dakika kadhaa kwa siku. Imeharibika?

Pengine imeshika sumaku tu. Saa iliyolala juu ya spika, kifuniko cha simu chenye sumaku au redio huweza kushika, spiringi ya balansi ikagandana mizunguko yake, na mapigo yakawa ya haraka. Fungua dira kwenye simu, sogeza saa taratibu. Sindano ikiyumba, ndiyo hiyo. Kifaa cha kutoa sumaku kinamaliza kazi kwa sekunde chache. Nilikutana na mama mmoja wa mtaa wa Kisasa aliyekuwa tayari amefungasha saa yake kwenda Uswisi kwa ugonjwa huu. Alirudi nayo nyumbani kabla chai yangu haijapoa.

Sasa ni saa zipi unazosema zisafiri?

Kwanza, yoyote iliyo ndani ya dhamana. Usimruhusu mtu aifungue, hata mimi. Alama moja ya bisibisi kwenye mfuniko inatosha kukunyima haki yako.

Pili, zile ambazo vipuri vyake haviuzwi mitaani. Makampuni makubwa ya Uswisi yamebana vipuri. Hayamuuzii fundi yeyote, yanavipeleka kwenye vituo yanavyovitambua. Ninaweza kuiosha Rolex au Omega na kuitia mafuta vizuri, lakini nikikuta gurudumu limeisha meno, nitakuwa nimekufungulia saa nisiyoweza kuifunga. Ni heri niseme mapema.

Tatu, saa zenye vihesabu, zile za kubonyeza ianze na isimame, pamoja na zenye kalenda ya mwezi mwandamo na mambo kama hayo. Vipande huwa maradufu na mpangilio wake hautaki kubahatisha. Nne, saa ya mbizi ambayo kweli unazama nayo. Inahitaji kupimwa kwa shinikizo, na kifaa hicho uulize kama kipo kabla hujaiacha popote.

Nje ya hizo, saa ya spiringi ya kawaida ya Seiko, Orient, Citizen, au ya Uswisi yenye mashine ya ETA 2824 ambayo vipuri vyake vimezagaa duniani, haina sababu ya kupanda basi kama una fundi makini.

Seiko 5 yangu imechoka. Sevisi au mashine mpya?

Nakwambia ukweli ambao unapunguza kazi yangu. Nyingi za zamani zina mashine ya 7S26, na kiwanda chenyewe kinairuhusu ipoteze sekunde 20 au ipate 40 kwa siku. Mashine mpya ya NH36 hukaa ndani ya nyingi ya hizo saa, ingawa kijiti cha kichwa cha pembeni, kile unachovuta kurekebisha mishale, kinahitaji kukatwa upya na sehemu ya siku na tarehe ilingane. Mara nyingi hiyo ni nafuu kuliko sevisi kamili, tena unapata uwezo wa kuitia ufunguo kwa mkono. Kama saa haina kumbukumbu yoyote moyoni mwako, badilisha. Kama ina kumbukumbu, soma jibu linalofuata.

Ni ya marehemu baba. Naogopa kumpa mtu yeyote.

Ogopa, ni haki yako. Saa za namna hii ndizo nazipenda kuliko zote, na ndizo nimewahi kugombania na vituo vya mbali. Kituo cha kiwanda kinafikiri saa inapaswa kurudi ikiwa mpya. Kitabadilisha uso uliofifia, kitaweka mishale mipya, kitang'arisha bodi mpaka ile mikwaruzo ya jembe na baiskeli iishe. Kisha saa inarudi safi, na mtoto anaitazama asimwone baba yake. Ukiituma, andika kwa herufi kubwa: MSIBADILISHE USO, MSIBADILISHE MISHALE, MSING'ARISHE BODI, NIRUDISHIENI VIPANDE VYOTE VYA ZAMANI. Subiri wakujibu kwa maandishi kwamba wamekubali ndipo uitume.

Mimi binafsi saa ya urithi yenye mashine ya kawaida nashauri ibaki karibu, ambapo unaweza kuja kukaa kwenye benchi uitazame ikifunguliwa. Watu wengi huja. Kijana mmoja alinionyesha chini ya mfuniko herufi zilizochorwa kwa sindano, alama ya fundi aliyeifanyia kazi zamani. Ilikuwa alama ya mjomba wangu. Sikuifuta.

Tahadhari moja: saa za kabla ya miaka ya 1960 zenye rangi ya kung'aa gizani mara nyingi zina radiamu. Ile rangi isikwanguliwe, na kioo kisitolewe nyumbani.

Nikiituma Dar, nitumie basi, Posta au nipeleke mwenyewe?

Ukiweza, peleka mwenyewe. Tangu 2024 treni ya SGR inafika Dodoma, na safari ni chini ya saa nne. Unaweza kwenda asubuhi na kurudi jioni, saa ikiwa mfukoni. Usipoweza, tumia EMS ya Posta au msafirishaji anayekupa namba ya kufuatilia, na uulize wazi atalipa kiasi gani kikipotea. Jibu lao liwe kwenye risiti. Vifurushi vya basi ni vya haraka na kila mtu anavitumia, ila mara nyingi ukishakabidhi unabaki na jina la kondakta tu.

Kuhusu kufungasha, nililipa ada. Nilituma saa ya mteja nikiwa nimeifungia kwenye cheni yake ya chuma, ndani ya boksi lenye nafasi. Ilifika kioo kikiwa vumbi, na vipande vilikuwa vimeshauchana uso kwa sababu vilisafiri nao kilomita 450 na ushee. Uso haukuwa na mbadala. Nilimlipa mwenye saa, lakini uso ule haukurudi. Siku hizi natenganisha cheni au kuituma saa bila mkanda kabisa, naizungushia kitambaa laini, naiingiza kwenye chombo kigumu cha plastiki, kisha boksi lililojazwa lisicheze hata ukilitikisa. Kichwa cha pembeni kiwe kimesukumwa ndani. Nje usiandike “saa” wala jina la kampuni. Kabla ya yote piga picha mbele, nyuma, pembeni na namba iliyochorwa kwenye bodi.

Na nje ya nchi?

Hapo kikwazo ni forodha wakati wa kurudi. Kabla saa haijatoka, nenda TRA na saa, namba yake na barua ya kituo kinachoipokea, uulize hati ya kuonyesha kwamba inatoka kwa muda kwa ajili ya matengenezo. Ikirudi bila karatasi hiyo itahesabiwa kama saa uliyoiagiza, na utadaiwa ushuru pamoja na VAT, ambayo kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18, ya saa ambayo ni yako tangu zamani. Uliza pia utozwaji wa gharama ya matengenezo yenyewe. Weka akilini miezi, siyo wiki, na uombe makadirio ya bei kabla hawajagusa kitu, pamoja na gharama ya kurudishiwa saa ukikataa bei yao.

Niwaandikie nini kuhusu ugonjwa wa saa?

Andika unachokiona, siyo unachodhani. “Inapoteza dakika 3 kwa siku nikiivaa, dakika 1 ikilala mezani” inamsaidia fundi kuliko “haina nguvu”. Na hili limewaponza watu: ukimwandikia fundi wa Ulaya kwamba huwa inasimama saa mbili usiku, ataelewa mishale ilipo kwenye mbili. Andika 20:00. Kuna saa zinazosimama muda ule ule kila siku kwa sababu gurudumu la tarehe limeanza kusukuma, na fundi akikosea muda, anatafuta ugonjwa mahali pengine kabisa.

Vipi saa janja, za kuunganisha na simu?

Hizo peleka kwa mafundi wa simu. Sina vifaa vyake.

Saa imerudi. Niangalie nini kabla ya kusaini?

Iwe imerudi kutoka Uswisi au kutoka mezani kwangu, usisaini kwanza. Linganisha namba ya bodi na picha yako. Itazame kwenye mwanga wa jua, ukitafuta vumbi chini ya kioo na alama za kidole kwenye uso. Vuta kichwa cha pembeni, zungusha mishale mpaka tarehe ibadilike, uhakikishe inabadilika karibu na saa sita ya usiku na mishale haigusani. Dai vipande vya zamani na risiti inayotaja kilichofanyika.

Kisha ivae siku saba. Kila usiku kabla ya kulala ilinganishe na muda wa simu na uandike tofauti kwenye daftari. Saa inayopata sekunde 8 kila siku ni rahisi kuirekebisha. Inayopata 5 leo, ikapoteza 20 kesho, irudishe na daftari lako, umfungulie fundi ukurasa huo aanzie hapo.